Rimu ya Lori Juu ya Mnara wa Watawa

Ng'eeeng'. Hivyo ndivyo ilivyolia, kisha mkia wa sauti ukaburuta hadi barabara kuu ya Gilgil: ng'e, ng'e, ng'e. Hata leo nikiisikia kichwani, tumbo langu linanguruma lenyewe. Ilikuwa rimu ya lori, kama ile iliyowaita darasani mkiwa shule ya msingi, ila hii ilikuwa imening'inizwa kwa mnyororo ndani ya mnara wa watawa wa Uhispania, katikati ya mashamba ya viazi. Kengele yenyewe ilikuwa imeagizwa na haikuwa imefika. Rimu ikashika nafasi yake, kama mwalimu wa muda, na kila ilipopigwa sisi mafundi tulishuka kula githeri.

Shida ni kwamba rimu ile ilizoea kujipiga. Gilgil kuna upepo. Jua likishapita utosini, upepo unainuka kutoka upande wa ziwa, na kile chuma cha kugongea kilichofungwa kando ya rimu kinaanza kuyumba mpaka kinaigusa. Hapo wanaume wazima wenye ndevu wanatoka mbio na sahani, na wamekula muda si mrefu uliopita.

Mama Bena, mpishi wetu, angesimama mlangoni mwa jiko lake la mabati na kuwazuia kwa upawa. "Rudini. Huo ni upepo."

"Sasa mathe, upepo haujapika kitu?"

"Umepika vumbi. Leta sahani nikupakulie."

Nawaandikia nyinyi wasichana mnaoingia kwa mjengo, hasa nyinyi wa darasa la jipsamu, ambao mwalimu wenu alinisimamisha njiani akaniomba niwaambie kitu cha maana. Sijui kama nina kitu cha maana. Nina hiki.

Mimi ni mstaafu. Msicheke. Nina miaka thelathini na mbili na nimestaafu kabisa, kama mzee wa reli. Daktari alikisikiliza kifua changu, akasikiliza tena, akasema mimi na vumbi la jipsamu tuachane kwa amani kabla mmoja wetu hajaumia, na vumbi haliumii. Siku hizi nauza miche ya maua kando ya barabara huko Rhonda, Nakuru. Lakini nikiingia nyumba ya mtu na kuona dari imepigwa vibaya, siwezi kunywa chai yake kwa raha.

Shule niliachia kidato cha pili. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kusuka nywele kwenye saluni moja Bondeni, na ndiyo iliyonipeleka kwa watawa, ingawa hakuna aliyejua. Dari ya saluni ilikuwa imevimba kwa mvua, na mwenye saluni akamwita Babuji. Babuji alikuwa fundi wa Kisikh, mzaliwa wa Nakuru, mzee mwenye kilemba cha samawati ambacho kufikia saa nne za asubuhi kilikuwa cheupe kwa vumbi. Alijua Kikuyu kuliko Wakikuyu wa rika langu. Alisimama juu ya ngazi, mwiko mkononi, akitazama chini nikigawanya nywele za mteja kwa ncha ya kitana.

"Hiyo mistari unapima na nini?" akaniuliza.

"Sipimi, Babuji. Naenda tu."

"Na inanyooka?"

"Ikikataa, mteja anapiga kelele."

Akacheka mpaka ngazi ikatikisika. Kesho yake nilikuwa nambebea ndoo, na tangu siku hiyo akaniita beti, yaani binti, kama wanavyoita kwao. Wengine kwa mjengo waliniita Malaika, kwa sababu nitakayowaambia. Jina langu ni Cherono, kama kuna anayejali.

Sasa hii habari ya watawa. Kulikuwa na mama mmoja wa Gilgil, mfanyabiashara mkubwa wa viazi, ambaye sote tulimwita Madam. Alikuwa mjane. Kikundi cha kanisa chao kilisafiri Uhispania, wakalala kwenye hoteli ambayo zamani ilikuwa makao ya watawa. Madam alirudi na simu iliyojaa picha, akanunua kipande cha shamba la zamani la mzungu mmoja, akatuita, akainua simu mbele ya uso wa Babuji.

"Nataka kama hii," akasema.

Wasichana, kwenye kazi yetu hakuna maneno ya hatari kama "kama hii." Mteja akisema anataka kitu kizuri, mtaelewana. Akisema anataka kitu cha bei rahisi, mtaelewana pia, mkinuniana kidogo. Akisema "kama hii," muulize papo hapo ni kitu gani hasa kwenye hii anachokitaka. Sisi hatukuuliza. Tulikwenda saiba mjini, tukachapisha picha zote kubwa kama magodoro, tukazibandika kwenye kuta za stoo, na tukaanza.

Babuji aliifanya kazi ile kama mtu anayeoa. Maisha yake yote alikuwa amefanya dari za ndani, na dari, alikuwa anasema, huangaliwa na wagonjwa na watu wavivu tu. Kijana wake aliyehamia Kanada alikuwa amemtumia tiketi akakae naye, maana magoti yake yalikuwa yamechoka na ngazi. Hii ingekuwa kazi yake ya mwisho, na ya kwanza yenye uso unaotazama nje, ambao mtu yeyote anayepita angeuona bila kualikwa.

"Nataka kuacha ukuta mmoja umesimama kwa jua," aliniambia. "Mmoja tu, beti. Mzuri."

Wakati wa chai, Brian, kijana aliyechora ramani, alitusimulia mahali pale pa kwenye picha palikotoka. Watawa wa kwanza, alisema, walikuja na kanisa dogo la mawe lisilo na pambo lolote, wakalima na kusali. Vizazi vikapita. Wakapewa mashamba, kondoo na mizabibu, na pesa ikishaingia kwa nyumba ya mtu, hata mtawa, inaanza kutafuta ukuta wa kujionyeshea. Wakati huo Ulaya ilikuwa imechoka na mistari iliyonyooka. Hapo ndipo ulipozaliwa mtindo wa baroko: nguzo zinajisokota, kuta zinavimba na kubonyea, malaika wanene wanachungulia kila pembe, na huwezi kupata hata mahali patupu pa kutundika kofia.

Mama Bena, aliyekuwa anatugawia mandazi, akasimama. "Kumbe ni kama sebule ya shangazi yangu. Vitambaa mpaka juu ya redio."

Brian akafikiria kidogo. "Ndiyo," akasema. "Hiyo ndiyo baroko."

Basi tukaelewa sote, na sijawahi kusikia maelezo bora.

Halafu, akaendelea Brian, serikali ya kule ikawaambia watawa wafungashe virago. Wanajeshi wakaingia na farasi wao. Ndiyo maana kwenye picha kulikuwa na pete za chuma ukutani, za kufungia farasi, na ndiyo maana mtakatifu aliyesimama juu ya mlango hakuwa na pua: mwanajeshi akikosa vita hulenga chochote kilicho karibu. Wanajeshi walipoondoka, jengo likawa ghala la mafuta ya zeituni, kisha zizi la mbuzi, kisha likakaa tupu miaka mingi na ndege peke yao kwenye mnara, mpaka mtu akaweka vitanda na kuliita hoteli.

"Watawa, farasi, mafuta, mbuzi, Madam," Mama Bena akahesabu kwa vidole. "Kwa mpangilio huo."

Nguzo za mlango nilipewa mimi, kwa sababu zilikuwa zimesokotwa kama nywele. Njia yenyewe ni hii, na ishikeni kwa sababu vitabuni sijui kama ipo. Unasimamisha nguzo nyembamba ya simiti, unaizungushia kamba nene ya katani kutoka chini mpaka juu, ukiacha nafasi sawa, halafu unajaza mchanganyiko juu ya kamba na kuulainisha kwa kipande cha gunia lililoloweshwa. Nje tumieni simiti na chokaa. Jipsamu ni ya ndani. Ikinyeshewa inakuwa uji, na mteja wako hakuagiza uji.

Nilizimaliza zote mbili nikajisikia kama nimezaa pacha. Babuji akaja, akasimama mbele ya mlango, akainamisha kichwa upande.

"Beti, huu mlango unaenda wapi?"

"Hauendi mahali, Babuji."

"Mbona nguzo zote zinausukuma kwenda Naivasha?"

Nikaangalia. Nilikuwa nimezisuka zote kuelekea upande mmoja, kama rasta za mtu mmoja, lakini nguzo mbili za mlango zinatakiwa zitazamane kama mtu na kioo: moja izunguke kulia na nyingine kushoto. Nikabomoa moja, nikaisuka upya kwenda Nakuru. Mlango ukatulia.

Malaika ndio walionipa jina. Tuliwamimina kwenye kalibu ya mpira, na kalibu lazima ipakwe mafuta ili malaika asing'ang'anie humo. Mafuta tuliyokuwa nayo ni yale aliyokwisha kukaangia Mama Bena, kwa hivyo jeshi letu lote la mbinguni lilinukia mandazi. Mbwa wa shamba aliwaheshimu sana. Alilala chini yao kila siku, pua juu.

Mmoja nilimtundika mapema, pembeni, juu kidogo ya jiko. Alionekana mkavu. Wakati wa kupakua chakula tukasikia paa, kwenye bati, kisha kimya, kisha sauti nyingine nzito, kama mtu amepiga mbizi kwenye uji. Kichwa cha malaika kilikuwa kimepita kwenye bati bovu na kutua ndani ya sufuria. Mama Bena akatoka nacho juu ya upawa, kikitoa moshi, maharagwe yamejaa mashavuni.

"Nani ameagiza nyama?" akauliza.

Tulikula hivyo hivyo. Basi msimtundike malaika bila kumgusa mgongoni. Mguse kama unavyomgusa mtoto unayeshuku ana homa. Akiwa baridi, bado ana maji ndani. Akiwa vuguvugu kama hewa, mpandishe.

Lakini hayo yalikuwa makosa madogo. Kosa kubwa tulilifanya kwa utiifu. Madam alikuwa amesema kama picha, na sisi tukafuata picha.

"Mtakatifu tumwekee pua?" nilimuuliza Babuji.

"Picha ina pua?"

"Haina."

"Basi."

Nikamtengeneza bila pua. Matundu ya risasi kifuani niliyatoboa kwa msumari mkubwa, na kwa kila tundu nilimwambia pole, kwa sababu alikuwa ananitazama. Kwenye picha alikuwa na njiwa kichwani. Nilidhani ndivyo alivyo, watakatifu wengine si wana kondoo. Nikamfinyangia njiwa wa simiti, mnene, mwenye macho ya upole.

Brian alipomwona alikaa chini juu ya ndoo. "Cherono, huyo alikuwa ndege tu. Alikuwa anapita."

"Sasa amefika," nikasema.

Aliyetushinda sote ni Kimani, fundi wa rangi. Jengo lile lina ua katikati, umezungukwa na varanda pana yenye matao pande tatu, na upande wa nne ni ukuta mrefu. Kwenye picha kulikuwa na benchi la mawe chini ya ukuta huo, kwenye kivuli kizito. Kimani aliipima picha, akachanganya kijivu na zambarau kidogo, akakipaka kivuli chenyewe ukutani, kikiwa na ukingo wake wa mshazari, safi kabisa. Kilikuwa kivuli kizuri kuliko cha Mungu. Hakikusogea asubuhi wala jioni. Jua likifika upande ule, ukuta ulikuwa na vivuli viwili, kimoja chake na kimoja cha Uhispania.

Benchi letu lilikuwa la mbao, tukaliweka hapo hapo, mbele ya rangi.

Madam alikuwa hajaja muda, alikuwa anahangaika na mavuno. Siku aliyokuja tulijipanga mlangoni kama watoto wa kwaya. Akamtazama mtakatifu, akamtazama njiwa, akapita kati ya nguzo zangu, akaingia uani, akakaa kwenye benchi. Jua lilikuwa utosini. Alikaa na mkoba magotini, macho ameyafunga, jasho likimshuka kwenye shingo. Sisi tulisubiri kwenye varanda. Hata mbwa alisubiri.

Akafungua macho. "Siyo," akasema.

"Ni kitu gani siyo, Madam?" Brian akauliza. "Tunaweza kurekebisha. Hiyo pua, kwa mfano."

"Sio pua. Pua ni sawa." Sauti yake haikuwa ya hasira, na hapo ndipo tulipoogopa. "Sijui ni nini. Kila kitu kipo na hapa si pale. Nimejidanganya tu. Ijumaa nitaleta tingatinga, tutoe hivi vitu vyote, nijenge vyumba vya kawaida. Vioo vya bluu, watu wanapenda. Nyinyi hamna makosa."

Akaondoka. Babuji alibaki akiishika nguzo ya Nakuru kama mtu anayemshika mgonjwa mkono. Safari yake ya Kanada ilikuwa wiki iliyofuata. Akachukua brashi ndogo akaenda kumpangusa njiwa vumbi, na mimi nikashindwa kuvumilia. Nikamkimbilia Madam mpaka kwenye gari.

"Mama, samahani. Kule Uhispania, ulipokaa kwenye hilo benchi, ulifanya nini?"

Akanitazama kama nimemuuliza uzito wake. "Nililala," akasema.

"Ulilala tu?"

"Wewe bado mdogo. Tangu mume wangu aende, mimi na usingizi tunasalimiana tu. Nakaa macho mpaka jogoo anichoke. Kule wenzangu walienda kuonyeshwa michoro, mimi miguu ilikuwa inauma, nikakaa pale. Niliamka nikitikiswa na mwenye kutuongoza, na mate yamenishuka hapa." Akajigusa shavu. "Mate, kama mtoto. Niliona aibu na nikafurahi siku nzima. Nikasema, hiyo nyumba nitaipeleka nyumbani."

Nilirudi uani nikawaambia. Ndipo tukajua tulichokuwa tumeagizwa, muda wote huo, huku tukitoboa matundu ya risasi. Mama wa watu alitaka mahali pa kusinzia.

Tukaenda kulijaribu benchi mmoja mmoja. Kimani alikaa, akajilaza mbele ya kivuli chake, akainuka akijipepea kofia. "Hapa mtu halali," akasema. "Hapa mtu anaiva."

Brian akaangalia picha, akaangalia jua, akajishika kichwa. Akatueleza kwamba kule jua la mchana linakaa upande mmoja wa mbingu, kusini, mwaka mzima, kwa hivyo ukuta ule mrefu unafunika benchi tangu asubuhi. Gilgil jua linapita juu ya kichwa cha mtu. Ukuta wetu, mchana, ulikuwa hauna kivuli hata cha kumficha kuku. Kile kilichokuwepo ni cha Kimani.

"Kivuli cha rangi hakina baridi," Babuji akasema polepole, na Kimani akautazama ukuta wake kwa huzuni kubwa.

Tukabishana mpaka jioni, wengine wakisema tuweke turubai, wengine mwavuli wa ufukweni, na Brian akisema apewe muda afikirie. Muda haukuwepo. Ijumaa ilikuwa kesho kutwa.

Ijumaa ikaja na tingatinga. Lilisimama getini, injini ikinguruma, na dereva wake akinywa soda. Madam akaingia uani peke yake, nadhani kuaga, na hakulikuta benchi. Mama Bena alikuwa amelichukua bila kumwambia mtu. Alikuwa na gunia la maharagwe ya kuchambua, jikoni kuna joto, mbele ya ukuta kunaiva watu, basi akaliburuta mpaka ndani kabisa ya varanda, nyuma ya matao. Kuta za hapo Babuji alizitaka nene, mawe safu mbili, kama ramani ya Brian ilivyoonyesha, na matao marefu kwenda ndani kiasi cha watu wawili kugeuza kitanda. Jua halikuwahi kufika pale. Sisi tulikuwa tunahifadhi saruji humo.

"Benchi langu liko wapi?" Madam akauliza.

"Ni hili, nimelikalia," Mama Bena akasema. "Karibu. Na kama unakaa, chambua. Mawe weka kwa kopo, mazuri weka kwa sufuria."

Sisi tuliosikia tulifunga macho. Huwezi kumpa mwenye mjengo sinia la maharagwe siku anayobomoa. Lakini Madam alikuwa amekulia kwenye maharagwe kama sisi wote. Akakaa, akaegemea ukuta, akalipokea sinia kwenye mapaja. Tukasikia maharagwe yakidondoka ndani ya sufuria: ti, ti, ti. Mama Bena anadondosha, Madam anadondosha. Ti, ti. Wakazungumza kidogo kuhusu bei ya viazi. Ti. Kisha ikawa ti za mtu mmoja tu, kisha na yeye akaacha.

Mama Bena akageuza kichwa taratibu, akatutazama, akainua kidole mdomoni. Madam alikuwa amefungua mdomo. Sinia lilikuwa limekaa sawa mapajani mwake, na kwenye shavu, jamani, kulikuwa na kitu kinang'aa.

Sijawahi kuona mafundi wakinyamaza hivyo. Brian alivua viatu. Kimani alikuwa amebeba ngazi begani na hakuthubutu kuiweka chini, akabaki nayo, akigeuka mzima mzima kila alipotaka kuangalia upande. Babuji alitembea kwa ncha za vidole mpaka getini, na magoti yale, nami nikamfuata kumshika mkono.

"Zima injini, boss," akamwambia dereva wa tingatinga.

"Mzee, nimeambiwa nikuje nibomoe."

"Aliyekuambia amelala."

"Na akiamka?"

"Akiamka ataulizwa. Kuna githeri."

Dereva akafikiria, akazima. Kimya kikashuka juu ya shamba lote, na ndani ya kimya hicho nikasikia majani ya mahindi ya jirani yakianza kusuguana. Nikatazama upande wa ziwa. Vumbi lilikuwa limeinuka, refu na jekundu, linakuja.

Babuji alikuwa bado anamshawishi dereva kuhusu githeri. Wengine wote walikuwa uani, wamesimama kama watakatifu, hakuna anayeangalia juu. Sikumwita mtu, kwa sababu kumwita mtu kungekuwa kelele. Nilivua gambuti nikaingia mnarani, nikapanda ile ngazi ya mbao, nikiruka kile kipago kinacholia.

Nawaambia sasa, kwa kuwa mtauliza: kengele ya kweli ilikuja baadaye, nzuri, yenye sauti laini, na inapigwa jioni tu, kwa amri ya Madam. Babuji hajawahi kuisikia. Yuko Kanada, kwenye theluji, na hunitumia sauti kwa simu kuniuliza kama njiwa yupo. Namwambia yupo, Babuji. Hajaenda popote.

Lakini siku ile kulikuwa na rimu. Juu kule upepo ulikuwa umeshafika kabla yangu. Mnyororo ulikuwa unanong'ona na kile chuma kimeanza kuyumba, karibu, karibu zaidi. Nilifungua kitambaa kichwani, kile ninachozuilia vumbi lisiingie kwenye nywele zangu, na nywele nilikuwa nimesukwa jana yake tu, mistari myembamba, kazi ya siku nzima. Nikakivingirisha kwenye chuma, mara moja, mara mbili, nikafunga. Vumbi likanivamia kichwa chote. Upepo ukavuta, chuma kikaenda nyuma mpaka mwisho, kikarudi kwa nguvu, kikaipiga rimu.

Puf.

Nikachungulia chini, ng'ambo ya ua, kati ya matao ya varanda. Mdomo wa Madam ulikuwa bado wazi. Nikaongeza fundo la pili.